Kaka wa Uzi

Mwezi wa nane ukiingia, mimi hununa. Mke wangu ameshazoea. Huwaambia wajukuu, mwacheni babu yenu, mwezi wake umeandama. Wao hudhani ni vumbi la kiangazi linalonikera, au baridi ya asubuhi inayoniuma magoti. Si vumbi wala magoti. Ni sikukuu ya Wahindu inayoitwa Baleva. Hapa Tabora siku hizi sidhani kama wanaoikumbuka watajaza chumba kimoja, na mimi, Mwislamu, mtoto wa fundi cherehani, naikumbuka kuliko wenyewe. Nitaieleza, na nitaieleza kwa hasira, maana namna nyingine siijui.

Baba yangu alishonea kwenye baraza ya duka la Mhindu mmoja, mtaa wa maduka, si mbali na stesheni. Ulikuwa utaratibu wa kawaida siku zile: mwenye duka anauza kitambaa ndani, fundi anakishona nje, mteja anaondoka na suruali yake. Sisi tulikaa uani, chumba na sebule, wao walikaa nyuma ya duka, na katikati palikuwa na bomba moja la maji la wote. Walikuwa watatu. Mwenye duka, mtu mpole mpaka unatamani umtikise. Mkewe, ambaye ndiye aliyeiendesha nyumba ile. Na binti yao wa pekee, tuliyekuwa rika moja naye. Nyama haikuliwa kwao, kwa hiyo mama yangu akipika mchuzi wa nyama alifunga dirisha la upande wao. Hakuna aliyemwambia afunge. Tuliishi vizuri, na mtu asinitie maneno mdomoni kwamba tuliishi vibaya.

Baleva yenyewe ni hivi. Siku ya mwezi mpevu, dada humfunga kaka yake uzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Dada anamwombea kaka uhai, kaka anaahidi kwamba dada yake hatafikwa na baya yeye akiwepo. Maana yake ni hiyo tu. Hakuna fataki kama Diwali, hakuna kurushiana rangi kama ile sikukuu yao nyingine. Dada anaamka mapema, anaoga, anavaa nguo nzuri, na hatii kitu kinywani mpaka uzi umefungwa. Anaandaa sinia: taa ya samli yenye utambi wa pamba, unga mwekundu, punje za mchele, na ladu, yale matonge matamu ya unga wa dengu na sukari. Anamzungushia kaka ile taa mbele ya uso, anampaka alama nyekundu kwenye paji, anabandika punje za mchele juu yake, anafunga uzi, kisha anamlisha ladu kwa mkono wake. Kaka anatoa zawadi. Uzi haukatwi, unaachwa mkononi mpaka uchakae uanguke wenyewe. Dada aliyeolewa mbali huja kwao siku hiyo, na asipoweza hutuma uzi kwa posta.

Sasa binti asiye na kaka afanyeje? Desturi yao inamruhusu kumfunga uzi mungu mwenyewe, na ndivyo mama yake alivyomfanyisha miaka ya mwanzo. Kulikuwa na sanamu ya mungu wao mwenye filimbi kwenye kijikabati ukutani. Binti alikuwa anaifunga uzi, anaiwekea ladu, anasubiri. Ladu inakaa pale pale mpaka inzi waione. Mwaka mmoja, uhuru ukiwa bado mbichi na sisi watoto wa kucheza baba na mama, alitoka uani analia, anasema kaka yake hali ladu. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya bomba, macho yote kwenye sinia. Akaniangalia. Nikamwambia mimi nakula.

Basi ndivyo nilivyokuwa kaka. Msicheke, kuna watu wamepewa vyeo kwa sababu hafifu kuliko hiyo. Mama yake alisimama mlangoni akifikiri, halafu akanikalisha kwenye mkeka, akanielekeza mashariki, akanifunika kichwa kwa kitambaa safi, na mwanawe akanifunga uzi. Nikala ladu zote. Mama yake akasema sasa umeshakula, huwezi kuitapika, huyu ni dada yako.

Kesho yake mwalimu wa chuo cha Kurani aliona wekundu uliobaki kwenye paji langu, akanichapa bila kuuliza. Nilirudi nyumbani na alama za bakora mgongoni. Mama akachukua mkasi wa baba ili aukate ule uzi. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alimnyang'anya mkasi wake na kumwambia undugu ni kufaana, si kufanana, na mkasi huu ni wa kukatia kitambaa. Wakasuluhishana: rangi nitaisugua kabla ya kwenda chuoni, uzi utabaki. Mwalimu alichapa tena mara moja moja, lakini kwa mambo mengine.

Kila mwaka ikawa hivyo. Nilikuwa nachelewa kutoka chuoni na yeye ananisubiri na njaa yake, amenuna, sinia mapajani. Akinifunga uzi alikuwa anaukaza makusudi. Alinifundisha Kigujarati chote cha nyumbani, na matusi pia, na mimi nikamfundisha Kinyamwezi kidogo alichokitumia kuwashangaza wanunuzi waliotoka Nzega. Zawadi yangu ilikuwa asali. Mjomba wangu, kaka yake mama, alilima tumbaku Urambo na kutundika mizinga porini, na kila msimu alituletea galoni. Baadaye bidhaa zilipoadimika na nyuzi za mapambo kutoka Bara Hindi zikakoma kuja, binti alisokota uzi wa Baleva kwa mabaki ya cherehani ya baba. Nilivaa mkononi rangi za suruali za nusu ya mji.

Uhaba huo ndio uliowabadilisha watu. Siasa ya Ujamaa ilikuwa imekuja, na sisi vijana tuliipokea kwa mikono miwili, mimi mmoja wao. Tuliimba, tulilima shamba la pamoja, tuliitana ndugu. Ndugu karani, ndugu balozi, ndugu mwenyekiti. Sukari ikaisha, sabuni ikaisha, na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Siku moja kwenye foleni ya sukari kijana mmoja aliyekuwa akijiona mlinzi wa mapinduzi alimvuta dada yangu kwa nywele, akamtoa kwenye mstari. Akamwambia nendeni mkatoe ile mliyoficha uvunguni. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo. Nilimpiga yule kijana, naye akanipiga, na pengo hili mnaloliona ni la siku hiyo.

Balozi wa nyumba kumi akaniita mbele ya watu. Akauliza, ndugu, huyu Mhindi ni nani wako mpaka umwage damu? Nikajibu ni dada yangu. Watu wakaangua kicheko. Balozi akaushika mkono wangu akauinua juu, uzi wote wauone, akasema tazameni, kijana wa taifa huru amefungwa kamba na bepari. Mtu aliyekuwa akiniita ndugu asubuhi, mchana na jioni. Bepari gani, yule mzee ambaye duka lake lilibaki na vifungo na madaftari matupu? Mpaka leo nikilikumbuka lile jina ndugu lilivyotoka kinywani mwa balozi yule, natamani nimrudishie.

Nyumba za kupangisha zikachukuliwa na serikali, na Wahindu wakaanza kuondoka. Mara huyu kaenda Uingereza, mara yule kahamia Dar es Salaam akitafuta njia. Wazazi wa dada yangu waliona heri wamwoze kwanza. Akapatikana mchumba Mwanza, familia yenye jina, mambo yakaharakishwa. Jioni moja mama yake aliniita nyuma ya duka, akanieleza kazi ya kaka kwenye harusi yao. Bibi na bwana harusi huuzunguka moto mtakatifu, na kila wakianza kuzunguka, kaka wa bibi harusi husimama kando yake akamtilia punje za nafaka na ufuta viganjani, naye huzimimina motoni. Kazi hiyo haifanywi na baba wala kuhani wa hekalu. Ni ya kaka. Mama yake akasema, mwanangu, utasimama wewe. Dada yangu alikuwepo, anachambua mchele. Akasema, na usichelewe kama kawaida yako.

Nilikwenda kumwambia baba. Baba akatoa kipande cha kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kiwe sanda yake mwenyewe, akanishonea shati. Nilikataa, akasema sanda hata ya gunia itafaa. Mama aliyetaka kuukata uzi akalipiga pasi shati lile kwa pasi ya mkaa, polepole, asilichome. Nyumba nzima ilikuwa inamwoza binti.

Kosa letu, na kosa hilo lingeweza kufanywa na Wanyamwezi tu, lilikuwa kumpelekea habari mjomba.

Mjomba alishuka na treni ya Urambo asubuhi ya harusi, na galoni la asali, na koti lake la mazishi na harusi. Uani mlikuwa mmeshasimamishwa nguzo nne zenye majani na maua, na wakwe wa Mwanza walikuwa wamekaa kwenye viti barazani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mjomba akawaamkia wote kwa heshima, Kinyamwezi kwanza, Kiswahili baadaye. Akavuta kigoda, akaketi mbele yao. Akakohoa. Akasema, jamani wakwe, tumefurahi kuwaona, lakini sisi upande wa kaka wa binti bado hatujasikia neno lolote juu ya mahari.

Nilikuwa mlangoni na shati langu jeupe.

Mjomba akaendelea, mtu asiye na haraka. Hatutaki makubwa, akasema, tunajua hali ya nchi. Ng'ombe wa kaka, blanketi la mjomba, na jembe kwa ajili ya heshima. Kwetu binti haondoki nyumbani kaka yake akiwa mikono mitupu, kaka ndiye anayekula mahari ya dada yake, naye akija kuoa ataitoa hiyo hiyo. Yeyote kwetu angemwelewa. Ila kwao hakuna mahari ya namna hiyo. Kwao upande wa binti ndio unaotoa. Mjomba alikuwa anadai mbuzi kwa watu waliokuja kuchukua mbuzi.

Bwana mkubwa wa wakwe akauliza, kaka? Kaka gani? Tuliambiwa binti ni wa pekee.

Mjomba akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Huyu hapa, akasema, mwenye shati jeupe.

Wakanitazama. Siwezi kuueleza ule utazamaji kwa mtu ambaye hajatazamwa hivyo. Mwanamke mmoja mnene mwenye miwani, ambaye baadaye nilijua ndiye mama mkwe, alivuta sari yake akajifunika bega. Halafu wote wakamgeukia mwenye duka. Na mwenye duka, yule mpole wetu, aliyekunywa chai na baba yangu kila siku ya Mungu kwenye baraza ile, akatabasamu kwa woga na kusema, aa, hiyo ni michezo ya watoto tu. Walikuwa wanacheza.

Michezo ya watoto. Nimechapwa kwa ajili ya mchezo huo. Nimeng'olewa jino kwa ajili ya mchezo huo. Nilimsubiri mkewe aseme neno, yeye ndiye aliyenikalisha kwenye mkeka. Alikuwa anarekebisha maua kwenye nguzo, nguzo ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Hawakunifukuza. Afadhali wangenifukuza. Waliniambia kwa upole niwasaidie wapishi nyuma. Nikakaa na wapishi. Akateuliwa kijana mmoja aliyekuja na wale wa Mwanza, sijui binamu wa nani, ambaye dada yangu hakuwahi kumwona kabla ya siku ile, akawa kaka wa dakika chache. Kutoka jikoni niliuona moto. Nilimwona dada yangu, kainamisha kichwa, hina mpaka kwenye viwiko, anakinga viganja, na kijana yule anatia nafaka huku nyingine zinamwagika chini kwa sababu hakujua kazi. Nilisubiri asite. Nilisubiri ageuze kichwa atafute nilipo. Alikinga, akamimina, akazunguka. Akakinga tena.

Nilimgombeza mjomba usiku ule ndani kwetu, nikamwita mshamba, nikamwambia umeniharibia. Alinisikiliza kwa utulivu, mdomo bado una harufu ya viazi vya binzari, maana chakula chao alikula na akaongezwa. Kisha akauliza, kwani wewe si kaka yake? Nikasema ndiyo. Akasema, basi nimekosea nini? Nikaugeukia ukuta, nimekasirika zaidi. Katika watu wote waliokuwepo siku ile, wenye hekalu na wasio na hekalu, ni yule mkulima wa tumbaku peke yake aliyeichukulia Baleva kama jambo la kweli.

Kesho yake asubuhi nilikwenda stesheni. Mama alinikataza. Nilijiambia naenda kumuaga, lakini uongo wa nini, nilikwenda kupata haki yangu. Nilitaka aseme. Kwa jicho tu ingetosha.

Treni ya Mwanza ilikuwa imeshasimama. Wakwe walikuwa kwenye jukwaa katikati ya masanduku, wanahangaika, maana wachukuzi siku ile walikuwa wachache na wote wameshikwa na abiria wengine. Dada yangu alikaa juu ya sanduku la bati, sari nyekundu, bangili mpaka kwenye kiwiko. Wazazi wake walikuwa mbali kidogo wanaongea na bwana harusi. Nikaenda moja kwa moja nikasimama mbele yake. Akainua uso. Tulitazamana, na najua alielewa nimefuata nini, kwa sababu alinijua kuliko mtu yeyote.

Mama mkwe akamuuliza kwa Kigujarati, nani huyu?

Dada yangu akatazama mikono yake. Akajibu kwa Kigujarati, polepole na vizuri, kile kile alichonifundisha kando ya bomba. Akasema, mtoto wa fundi.

Mama mkwe akasema, vizuri, basi apakie mizigo.

Alijua kwamba naelewa kila neno. Hicho ndicho sijakisamehe. Angekuwa amesahau kwamba naijua lugha yake ningesema ni woga tu, bibi harusi wa siku moja mbele ya mkwe mwenye miwani. Lakini alijua, na akalisema nikiwa nimesimama hapo. Na mimi nilikuwa na jibu, kwa Kigujarati hicho hicho, na matusi yake. Lilishafika kwenye meno. Ningesema sentensi moja tu na yule mama angejua kwamba mkwewe amemlisha mwanamume mweusi kwa mkono wake kila mwaka tangu utotoni, amemfunga uzi, amemwita kaka. Dada yangu angeipanda treni ile na sentensi yangu, angeishi nayo Mwanza, angepikia nayo, angezalia nayo. Na mimi nilikuwa nimeahidi kwamba hatafikwa na baya nikiwepo.

Nikamwambia, tafadhali inuka dada. Neno ambalo mchukuzi yeyote humwambia abiria yeyote. Akainuka. Nikalitia lile sanduku kichwani kama walivyobeba babu zangu mizigo ya watu mpaka pwani, nikaliingiza behewani, nikalisukuma chini ya kiti chake. Nikarudi kuchukua la pili, na la tatu. Nilipakia mizigo yao yote. Hakuna aliyenisaidia, na shati la sanda ya baba likachafuka kutu mabegani.

Treni ilipoondoka alikuwa upande mwingine wa dirisha. Sikupunga mkono. Baadaye nilisikia wamekwenda Kanada, na wazazi wake nao wakafuata, na duka likawa ghala la ushirika. Nina hasira naye mpaka leo. Wajukuu wakiniuliza kwa nini sikumuumbua pale pale stesheni, nawaambia waende wakacheze. Lakini juzi kijiweni mzee mmoja alianza maneno, eti Wahindu wa mtaa ule walikuwa hivi na vile, na binti wa yule muuza vitambaa alikuwa anajidai. Nilimshika shingo ya kanzu, na uzee wangu wote huu, nikamwambia, nani kakupa ruhusa ya kumsema dada yangu?